Jeki ya trela haibebi boti nzima
Wengi huamini kwamba jeki ya trela, yaani kifaa cha kuinua ncha ya mbele ya trela, ni lazima iweze kuinua uzito wote wa boti. Sivyo: sehemu kubwa ya uzito hubebwa na ekseli ya magurudumu ya trela, na jeki hubeba ule wa mbele tu, ambao kwa kawaida huwa kati ya asilimia 5 na 15 ya jumla, yaani kilo 75 hadi 225 kwa trela iliyopakiwa yenye kilo 1,500. Chagua jeki yenye akiba ya kutosha ya nguvu, kwani mtu akipanda upande wa omo (mbele ya boti) mzigo huo huongezeka. Linalostahili kuboreshwa kwanza, kwa maoni yangu, ni gurudumu la jeki: lililo jembamba huzama mchangani hata jeki yenyewe ikiwa na nguvu maradufu. Kwa maji ya chumvi, chagua jeki iliyopakwa zinki.