Tathmini ya nyurosaikolojia kwa mtoto: inapima nini, na mzazi aulize nini

Mtoto aliyelazwa kwa malaria ya ubongo akapona, anarudi nyumbani akila, akicheza na kuongea kama zamani. Miezi michache baadaye mwalimu analalamika kwamba hashiki anachofundishwa. Anapelekwa kupigwa picha ya CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, na picha haionyeshi kasoro yoyote. Hapo wazazi wengi huambiwa mtoto ni mvivu. Lakini picha huonyesha umbo la ubongo tu. Namna ubongo huo unavyofanya kazi hupimwa kwa njia nyingine, nayo ndiyo inayoitwa tathmini ya nyurosaikolojia.

Ni mfululizo wa mazungumzo, majaribio na madodoso unaopima kazi za ubongo moja moja: umakini, kumbukumbu, lugha, kasi ya kufikiri, ushirikiano wa jicho na mkono, uwezo wa kupanga na kujizuia. Hakuna sindano wala mashine. Mtoto hukaa mezani na mtaalamu. Anapanga vitalu vya rangi kufuata mchoro, anarudia tarakimu alizosomewa, anasikiliza hadithi fupi kisha anaombwa kuisimulia tena baada ya dakika 20 au 30.

Wanaohitaji zaidi ni watoto wenye kifafa, waliopigwa kichwa kwenye ajali, waliougua homa ya uti wa mgongo, waliozaliwa njiti, au wanaoishi na VVU. Wenye selimundu nao wamo, kwa sababu ugonjwa huo unaweza kuleta viharusi vidogo visivyoonyesha dalili yoyote mwilini, ila vinakula umakini na uwezo wa kupanga mambo. Kuhusu malaria ya ubongo, utafiti uliofanywa Uganda uliwafuatilia watoto walionusurika na kukuta kwamba miaka 2 baadaye takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa kufikiri, kukumbuka au kuwa makini. Mtoto wa namna hiyo haadhibiwi, anapimwa.

Kwanza kabisa apimwe macho na masikio. Mtoto asiyesikia vizuri ataonekana hana kumbukumbu, na saa zote za majaribio zitakuwa zimepotea. Siku ya miadi mzazi abebe kadi ya kliniki, ripoti za hospitali, ripoti za shule na daftari mbili tatu za mtoto (daftari husema mengi ambayo ripoti ya muhula haisemi), pamoja na orodha ya dawa na dozi zake. Dawa ya kifafa isikatizwe hata kama inamsinzisha, maana kuiacha ghafla huweza kuleta degedege. Mtaalamu aambiwe tu imemezwa saa ngapi. Ikiwa mtoto ana homa, hakulala usiku, au degedege limempata jana, ombeni tarehe nyingine.

Mahojiano na mzazi huchukua saa 1 hadi 2: mimba ilikuwaje, alilia alipozaliwa, alitembea na kuongea lini. Majaribio yenyewe huweza kuchukua saa 4 hadi 6 pamoja na mapumziko, na kwa mtoto mdogo hugawanywa siku mbili. Mzazi kwa kawaida husubiri nje, kwa sababu jicho la mama au kikohozi cha baba ni jibu tosha kwa mtoto. Wala msimfanyishe mazoezi nyumbani. Jaribio la kumbukumbu lililokwisha kuzoeleka halipimi tena kumbukumbu, na ndiyo sababu majaribio yaleyale kwa kawaida hayarudiwi kabla ya kupita takriban mwaka mmoja.

Panapoharibika zaidi ni kwenye lugha. Mtoto wa Kilifi, pwani ya Kenya, anaweza kuongea Kigiriama nyumbani, Kiswahili mtaani na Kiingereza darasani. Akipimwa kwa Kiingereza pekee, kinachopimwa ni Kiingereza chake. Kutafsiri papo hapo hakutoshi. Chukua jaribio la kurudia tarakimu: kwa Kiswahili, kuanzia moja hadi tisa, kila neno lina silabi mbili, kwa Kiingereza karibu yote yana silabi moja. Maneno marefu huchukua muda zaidi kutamka, na kumbukumbu ya muda mfupi hubeba machache. Mtoto anayelinganishwa na alama za watoto wa Marekani ataonekana dhaifu ilhali si dhaifu. Watafiti walioko Kilifi walilazimika kutengeneza na kurekebisha vipimo kwa watoto wa pale, kikiwemo kipimo cha makuzi cha watoto wa miezi 6 hadi 35. Kwa hiyo maswali mawili yaulizwe kabla ya kulipa: mtoto wangu atapimwa kwa lugha gani, na alama zake zitalinganishwa na za watoto wa wapi? Mtaalamu anayejua kazi yake hatachukia kuulizwa.

Alama nyingi hupangwa ili wastani uwe 100. Theluthi mbili hivi ya watoto huangukia kati ya 85 na 115, na wapatao 2 katika 100 huwa chini ya 70. Msishike namba ya jumla peke yake. Mtoto mwenye 105 kwenye lugha na 72 kwenye kasi anaweza kupewa jumla ya 90, ikaonekana mambo ni sawa, kumbe tatizo lake ni kwamba mtihani unaisha kabla hajamaliza kuandika anachokijua. Na alama iliyo chini ya 70 haitoshi kumwita mtoto mwenye ulemavu wa akili. Lazima iangaliwe pia anavyojimudu kila siku: kuvaa, kuoga, kutumwa dukani na kurudi na chenji.

Ripoti huwa tayari baada ya wiki kadhaa, na mnastahili kuketi mkaelezwa. Isiyo na mapendekezo irudisheni. Pendekezo liwe la kufanyika: akae mbele, apewe maagizo mawili kwa wakati badala ya matano, aongezewe muda. Nchini Tanzania, Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, kwa hiyo nakala ya ripoti imfikie mwalimu mkuu mapema, kabla ya usajili wa mtihani.