Bendi huru: maana yake, kwa mfano wa The Go-Betweens

Bendi huru ni bendi inayorekodi na kutoa muziki wake bila kufungwa na kampuni kubwa ya santuri. Wengi hulitumia jina hili kama mtindo wa muziki, lakini hasa linahusu pesa na umiliki: nani analipia studio, na kanda mama, yaani rekodi asilia ambayo nakala zote hutolewa kwake, inabaki mikononi mwa nani.

Mjini Brisbane, Australia, bendi ya The Saints ndiyo iliyofungua njia mwaka 1976. Walitoa santuri yao ya kwanza kwa lebo (kampuni ya kutoa santuri) yao wenyewe, nakala 500 tu. Mwishoni mwa 1977 Robert Forster na Grant McLennan, waliokutana Chuo Kikuu cha Queensland, wakaunda The Go-Betweens. McLennan hakujua kupiga chombo chochote; Forster alimfundisha gitaa la besi. Santuri yao ya kwanza, ya inchi 7, ilitoka 1978 kwa Able Label, lebo ndogo ya hapohapo mjini.

Muziki wenyewe ni pop ya gitaa safi. Amplifaya haikwaruzi, sauti za juu hupandishwa kidogo, nyuzi hudonolewa mojamoja. Ukizidisha mkwaruzo, noti za kodi (chord, noti kadhaa zinazopigwa pamoja) hugongana na kuwa uji. Ukizidisha sauti nzito za chini, mwimbaji humezwa. Sikiliza "Cattle and Cane" ya 1983, wimbo mzuri kuliko yote waliyorekodi, huku ukihesabu midundo ya beti kwa vidole: 5, kisha 2, kisha 4. Jumla 11. Aliyezoea kuhesabu nne nne hupotea mara moja, ila gitaa linatiririka kana kwamba hakuna hesabu yoyote. Hapo mpiga ngoma Lindy Morrison ndiye nguzo.

Kazi ngumu ni usambazaji. Kuchapa santuri ni rahisi kuliko kuifikisha dukani na kulipwa. The Go-Betweens walipitia lebo huru za Postcard ya Glasgow, Missing Link ya Melbourne na Rough Trade ya London kabla ya kuingia Sire, lebo ya kampuni kubwa ya Warner, na walipovunjika Desemba 1989 hawakuwa na wimbo hata mmoja ulioingia 40 bora Uingereza. Bendi ikihama bila mkataba wa kurudishiwa kanda mama, albamu hubaki kwa lebo ya zamani. Msambazaji naye akianguka, pesa za mauzo hukwama kwake: mwaka 1991 kitengo cha usambazaji cha Rough Trade kilifilisika, na lebo ndogo zilizokitegemea zikabaki zikidai.