Mtaro Ukizidiwa, Maji Yapite Wapi?

Mhandisi anapokuletea mchoro wa mitaro ya mtaa, usianze kwa kumuuliza upana wake. Muulize kwanza: siku mitaro hii ikizidiwa, maji yatapita wapi? Maana itazidiwa. Mtaro uliosanifiwa kwa mvua inayotarajiwa mara moja katika miaka 10 una uwezekano wa asilimia 10 wa kufurika kila mwaka. Ndani ya miaka 25, uwezekano wa kufurika angalau mara moja unapita asilimia 90. Wengi wakisikia "miaka 10" hudhani wamehakikishiwa miaka 10 ya usalama, kumbe mvua ya namna hiyo yaweza kunyesha miaka miwili mfululizo.

Kwa hiyo tunasanifu njia mbili. Ya kwanza ni mitaro na mabomba kwa mvua za kawaida. Ya pili ni njia ya juu ya ardhi kwa mvua kubwa: barabara yenye kingo za kutosha, uwanja wa michezo uliochimbwa chini kidogo, ukanda wa kijani ambao hauruhusiwi kujengwa. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ilijifunza hili kwa gharama kubwa. Tarehe 2 Julai 2011 mji huo ulipata mvua ya zaidi ya milimita 100 kwa saa chache, barabara na vyumba vya chini ya ardhi vikajaa maji. Mpango uliofuata, wa mwaka 2012, haukutegemea mabomba makubwa peke yake: baadhi ya barabara zilipangiwa kubeba maji, na bustani kuyahifadhi kwa muda.

Tatizo huanzia kwenye viwanja. Chukua hekta moja ya majani, mvua ya milimita 60 kwa saa. Tukikadiria kwamba asilimia 30 ya mvua hiyo inatiririka, mtaro unapokea lita 50 kwa sekunde. Ezeka mabati na mwaga zege hadi asilimia 90 itiririke, nao unapokea lita 150. Mvua ni ileile, mtaro ni uleule, ila mzigo umekuwa mara tatu. Ndiyo maana ni halali kabisa kumtaka mwenye jengo ahifadhi sehemu ya maji yake kwenye matangi, mabwawa madogo au chini ya matofali yanayopitisha maji, kisha ayaachie polepole. Kuyazamisha ardhini ni kuzuri pia, lakini si kila mahali. Palipo na udongo wa mfinyanzi, maji ya ardhini yaliyo karibu na uso, vyoo vya shimo au msingi wa jirani, pima kwanza.

Kalavati, yaani njia ya maji inayopita chini ya barabara, nalo linastahili macho makali. Godoro moja kuukuu likikwama mdomoni, chupa na matawi hujikusanya juu yake, na baada ya muda mfupi maji yanapanda barabarani huku ndani ya kalavati kukiwa na nafasi tele. Kwa sababu hiyo tunapendelea kalavati moja pana kuliko mabomba matatu membamba, kwa kuwa kuta zinazoyatenga hunasa taka. Chujio la vyuma liwekwe kimshazari, ili taka zipande juu badala ya kuziba chini, na pawe na mahali salama pa mtu kusimama na kuzitoa. Na kwa kuwa maji yanaweza kupanda hata hivyo, transfoma na pampu ziinuliwe juu ya kiwango cha mafuriko makubwa.

Usafishaji nao upangwe tangu kwenye mchoro: gari la kuzoa matope litafikaje, nani atalilipia. Mtaro wa mstatili ukijaa matope hadi nusu ya kina, hupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake, kwani nafasi imepungua na maji yaliyobaki yanakwenda taratibu zaidi. Pima kina cha matope kabla ya msimu wa mvua, na upime tena mara baada ya mvua kubwa ya kwanza, maana hiyo ndiyo huzoa mchanga na taka zote zilizolundikana kipindi cha kiangazi.