Kinga Haijashuka, Imekosea Shabaha

Familia ikishaambiwa kwamba MS (multipo sklerosisi), ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo, "ni tatizo la kinga", kinachofuata nyumbani ni kutafuta cha kuipandisha: unga wa mlonge, vidonge vya dukani, juisi za kila aina. Mlonge ni mboga nzuri. Ila kinga ya mgonjwa huyu haijashuka. Nguvu inazo, inapiga pasipo.

Wahusika ni chembe nyeupe za damu, hasa limfosaiti T na B. Kwa kawaida kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo huzizuia kuingia ovyo. Kwenye MS, chembe T zilizokwisha kuchokozwa hunata kwenye kuta hizo, hupenya, kisha huiona mayelini, utando wa mafuta unaofunika mishipa ya fahamu, kuwa ni adui. Zinaita wenzao, uvimbe unaanza, utando unamenyeka. Jicho moja linafifia na kuuma likigeuzwa, mguu unakufa ganzi, au mkojo haushikiki. Inategemea pamemenyeka wapi.

Mchokozi anayetuhumiwa zaidi ni virusi vya Epstein-Barr. Utafiti wa 2022 kwa wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 ulikuta hatari ya kupata MS inapanda mara 32 baada ya maambukizi. Lakini karibu watu wazima wote wanavyo na wachache mno huugua, kwa hiyo peke yake havitoshi.

Joto la Dar es Salaam nalo huchanganya watu. Mshipa uliomenyeka hulegea kazi joto la mwili likipanda hata nusu nyuzi. Mtu anashuka daladala mchana wa Februari, jicho limeingia ukungu. Anakaa kivulini, anajimwagia maji, linarudi. Hilo si shambulio jipya. Shambulio hudumu saa 24 au zaidi, bila homa. Malaria na UTI huamsha dalili za zamani vilevile, ndiyo maana damu na mkojo hupimwa kwanza.

Shambulio la kweli hutibiwa kwa methiliprednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza uvimbe, kawaida gramu 1 kwa dripu kila siku, siku 3 hadi 5. Kwetu minyoo ya utumbo iitwayo strongiloidi isisahaulike: steroidi huipa mwanya wa kusambaa mwilini, na huua. Rituksimabu, dawa ya kuzuia mashambulio mapya kwa kupunguza chembe B, Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya MS mwaka 2023. Kabla ya kuianza pima homa ya ini B, kwani virusi vilivyolala huamka, na chanjo zinazohitajika zitangulie, maana baada yake mwili huziitikia kwa shida.