Talanta haikuwa sauti ya kuimba

Dhana: Talanta ya Mathayo 25, katika mfano wa bwana aliyewakabidhi watumwa mali yake, ni kipaji.
Ilikuwa fedha. Talanta ni kipimo cha uzito, zaidi ya kilo 30. Ya fedha ilikaribia dinari 6,000, na dinari moja ndiyo ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Basi hata yule mtumwa wa talanta moja, tunayemhurumia kila mahubiri, alikabidhiwa ujira wa miaka kama 20. Maana ya kipaji ilikuja baadaye, kutokana na mfano huohuo. Si kosa kuitumia, ila imempa mwenye fedha pa kujificha: akiulizwa mfuko, anajibu kwamba yuko kwaya.

Dhana: Kipaji cha ibada ni kile cha mbele ya watu.
Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, kinasema Bezaleli alijazwa roho ya Mungu ili achonge mawe na miti, na afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba, kwa ajili ya hema ya ibada. Fundi! Sura ya 35 inawataja wanawake waliosokota manyoya ya mbuzi. Paulo naye alishona mahema Korintho, pamoja na Akila na Prisila. Lakini anayenigusa zaidi ni Dorkasi wa Yafa, katika Matendo 9. Alipokufa, wajane walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea, huku wakilia. Ushahidi wao ulikuwa mishono. Kwetu, aliyeziba paa la kanisa Jumamosi hata kwenye matangazo ya Jumapili hatajwi.

Dhana: Sadaka ni noti ndani ya bahasha.
Waulize wa vijijini. Mayai, mkungu wa ndizi na jogoo hunadiwa nje baada ya ibada, na mnunuzi mwenye furaha humrudisha jogoo anadiwe tena.

Dhana: Mjane wa senti mbili, aliyetoa zote alizokuwa nazo, anafundisha maskini watoe mpaka kiishe.
Soma Marko 12 kuanzia aya ya 38. Kabla tu ya kumsifu mjane, Yesu anawakemea waandishi, yaani walimu wa sheria, "wanaokula nyumba za wajane". Anayeanzia aya ya 41 ana sababu zake.

Dhana: Nyumba ya Mungu haitoshelezwi.
Kutoka 36: mafundi wa hema hiyo ya ibada walimwambia Musa kwamba watu wanaleta kupita kiasi. Akapiga mbiu kambini, mwanamume wala mwanamke asilete tena. Tangazo hilo sijawahi kulisikia Jumapili.