Kashe si akiba: dhana potofu kuhusu nafasi ya diski katika uhariri wa video

Simu nyingi zilizowekewa Kiswahili huandika "Futa akiba" mahali ambapo fundi wa kompyuta angesema kashe, yaani faili za muda ambazo programu hujitengenezea ili ifanye kazi kwa haraka, na naamini neno hilo limewaponza wengi. Kwetu Lamu akiba ni kitu cha kutunzwa. Tunafunzwa tangu utotoni kwamba akiba haiozi, na mtu aliyelelewa hivyo akikutana na kitufe kinachomtaka afute akiba yake, mkono humsita. Ndipo diski hujaa faili zisizokuwa na haja ya kubaki, na siku nafasi inapokwisha, mhariri yule yule aliyeogopa kugusa kashe hufuta kitu kisichopatikana tena.

Nililiona jambo hili msimu wa harusi uliopita, kijana mmoja wa Langoni aliponiletea laptopu yake yenye diski ya gigabaiti 256. Alikuwa ameziingiza video za harusi katika Premiere Pro, programu ya kuhariria video, na kuzipanga zote. Kisha, kwa kuwa nafasi ilikuwa imemwishia, alifuta folda ya video zilizotoka kwenye kamera, na kadi ya memori akaifomati na kurekodia kazi nyingine kesho yake. "Dada, video si zimo ndani ya mradi?" aliniuliza. Hazimo. Faili ya mradi ni maelekezo tu: video fulani iko katika folda fulani, ikatwe kuanzia sekunde hii hadi ile, mwanga wake uongezwe kiasi hiki. Ndiyo maana faili yake ilikuwa ya megabaiti chache ilhali harusi yenyewe ilizidi gigabaiti 60. Tulipoufungua mradi, kila kipande kilituonyesha ubao mwekundu wa kuarifu kwamba video haipatikani. Folda ya kashe nayo, ambayo hakuthubutu kuigusa kwa sababu majina ya faili zake yaliishia kwa herufi asizozijua, .cfa na .pek, ilikuwa imekaa salama salimini.

Herufi hizo hazina siri. Sauti inapoingia ikiwa imebanwa, Premiere Pro huifungua na kuiandika upya katika faili ya .cfa ili isilazimike kuifungua kila mara unapocheza. Sauti ya chaneli mbili yenye sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 32 kwa kila sampuli huchukua karibu gigabaiti 1.4 kwa saa moja. Faili ya .pek ni mchoro wa mawimbi ya sauti unaouona kwenye mstari wa kazi. Zote mbili hutokana na video asili, kwa hiyo ukizifuta, programu huzitengeneza tena mara utakapoufungua mradi, na unachopoteza ni muda wa kusubiri. Kwa sababu hiyo hiyo siafikiani na wanaohimiza kashe ifutwe kila jioni ili kompyuta iwe nyepesi: mradi ambao bado unaushughulikia utakulipisha subira hiyo kila asubuhi. Wakati wa kufuta ni kazi inapokwisha kukabidhiwa, au nafasi inapobana kweli.

Wapo wanaosema kwamba kashe ni vifaili vidogo visivyostahili kuhangaikiwa. Huenda wamehesabu faili za sauti pekee, lakini kashe ya picha zilizorendwa, yaani zilizokwisha kukokotolewa pamoja na rangi na madoido yake, ni mzigo wa namna nyingine. DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariria, kwa mfano, inaweza kuandika kashe yake kwa umbizo lisiloibana picha sana liitwalo ProRes 422 HQ, ambalo kwa picha ya 1920 kwa 1080 yenye fremu 25 kwa sekunde huhitaji takriban gigabaiti 83 kwa saa. Kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde hutoa karibu gigabaiti 22 kwa saa hiyo hiyo. Mtu akirekodi saa tatu za Maulidi ya Mfungo Sita, kuanzia mashindano ya punda hadi zefe, kisha akazitia rangi na kuziacha zirendwe zote, kashe itaizidi video asili karibu mara nne. Kosa hapa ni kudhani kwamba nakala ya kazi lazima iwe ndogo kuliko asili.

Mzigo huo hauondoki wenyewe. Kufuta faili ya mradi hakufuti kashe yake, kwa kuwa folda ya kashe hukaa mahali pengine kabisa, na katika Premiere Pro miradi yote huichangia. Programu hiyo ina sehemu ya mapendeleo iitwayo "Media Cache" ambapo unaweza kuiagiza ifute faili zilizopitisha siku kadhaa, tuseme 90, au zilizozidi ukubwa unaoutaka. Lakini agizo hilo haligusi faili za kurenda. Hizo hufutwa kwa amri ya peke yake katika menyu ya "Sequence". Katika Resolve amri imo kwenye menyu ya "Playback". Nasisitiza kashe ifutwe kutoka ndani ya programu, maana karibu na folda ya "CacheClip" mara nyingi huwepo folda ya picha za mfano za kusawazishia rangi, na anayefagia kwa mkono huweza kuondoka nazo.

Kwa wanaohariri kwenye simu, hatari iko kwenye kitufe cha jirani. "Futa akiba" haidhuru kazi, ila "Futa data" au "Futa hifadhi" huondoa miradi yote ambayo programu kama CapCut imeiweka ndani ya simu.

Wapo wanaouliza kama kashe yaweza kuhamishiwa kwenye flashi; jibu linategemea mwendo wa kifaa. USB 2.0 ina kikomo cha megabiti 480 kwa sekunde, na kwa matumizi ya kawaida haikifikii. Mkondo mmoja wa ProRes HQ wa picha hiyo niliyoitaja unataka megabiti 184. Ukiweka tabaka mbili utaanza kuona video ikikwama, na picha ya 4K yenye megabiti zaidi ya 700 haitapita kabisa. Afadhali diski ya SSD ya nje yenye waya wa USB 3, huku video za zamani zikihamia kwenye diski ngumu ya bei nafuu.

Dhana inayonigusa zaidi ni ile ya kwamba kashe haina kitu cha kuonekana, basi hata laptopu ikiuzwa au ikipelekwa kwa fundi hakuna neno. Mimi huhariri shughuli za upande wa wanawake, ambako hakuna mwanamume anayeingia, na wenye shughuli huniachia nyuso zao kwa amana. Mama mmoja aliponiuliza kama picha za kupamba za bintiye zimefutwa kwenye laptopu niliyokuwa naiuza, sikumjibu kwa mdomo. Nilimketisha kando yangu, nikafungua folda ya faili za kurenda nje ya programu ya kuhariria, nikabonyeza faili moja mara mbili kama anavyoweza kufanya mtu yeyote, na bintiye akatokea, mikono yake ikiwa na piko mbichi na nywele wazi. Video asili nilikuwa nimeshaihamisha wiki mbili kabla.

Tulifuta folda hiyo pamoja naye, tukamwaga na pipa la taka la kompyuta, kwa kuwa kabla ya hapo nafasi haikuwa imerudi hata kidogo. Kisha, kwa sababu faili iliyofutwa yaweza kufufuliwa kabla haijaandikiwa juu, hasa kwenye diski ngumu za kawaida, nilisimba diski nzima kwa BitLocker, kifaa cha Windows cha kuifanya data isisomeke bila ufunguo, nikaisafisha na kuweka Windows upya. Video asili zilibaki kwenye diski mbili za nje, moja kwangu na nyingine kabatini kwake.