Faili lako la Power BI halikunenepeshwa na mistari

Wiki iliyopita nimeletewa tena. Kijana wa ofisi moja ya klia na fowadi huku Moi Avenue, laptopu kwapani, ripoti ya Power BI (programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti za chati) ina MB 780. Haiendi kwa imeili, na bosi wake akiifungua laptopu inaganda. Hajaketi sawasawa akanambia ameshafuta data ya miaka mitatu ya nyuma. "Mistari ilikuwa mingi, kaka." Nikashika kichwa. Ni wa nne mwaka huu kunambia hivyo, na wote hufuta kwanza ndipo wakaja kuuliza.

"Mistari ni mingi, ndiyo maana faili ni zito."

Mara nyingi sivyo. Power BI ikishaingiza data haiiweki mstari kwa mstari. Huiweka kolamu moja moja, na kolamu nyingi huwa na kamusi yake ya thamani. Mfikirie karani wa tali kule Kilindini anayeandika jina la mteja mara moja tu ukurasa wa mbele, akalipa nambari, kisha huko ndani akawa anaandika nambari peke yake. Zikifuatana 7, 7, 7, 7, anaandika "7, mara nne" na kusonga mbele. Kolamu ya geti, kama mageti ni sita, itakuwa nyepesi hata mistari ifike milioni kumi. Kinacholemea ni kolamu ambayo kila mstari una thamani yake pekee: kamusi inarefuka kama jedwali lenyewe, na karani hana la kufupisha.

Nikafungua DAX Studio, programu inayoonyesha kila kolamu ina uzito gani, nikabonyeza View Metrics. (Programu hii ni ya bure. Kwa nini watu wakisie uzito na mizani ipo?) Tukapanga kolamu kwa ukubwa. Ya kwanza: wakati kontena lilipoingia getini, tarehe na saa pamoja, hadi sekunde. Ya pili: nambari ya muamala ya mfumo wao, ambayo haimo kwenye chati hata moja. Hizo mbili zilikuwa zimekula zaidi ya nusu ya faili.

Piga hesabu. Mwaka una sekunde 31,536,000, na kila lori linaweza kuja na sekunde yake. Tenga tarehe kolamu yake na saa kolamu yake: tarehe ni 365 kwa mwaka, saa haziwezi kuzidi 86,400. Zikate sekunde, zinabaki dakika 1,440 tu, hata data iwe ya miaka kumi. Nikamwuliza, bosi wako amewahi kutaka kujua lori liliingia sekunde ya ngapi? Akacheka. Tukatenganisha, tukaitoa nambari ya muamala huko Power Query (sehemu ya Power BI ya kutayarisha data kabla haijaingia), tukairudisha miaka mitatu aliyoifuta (alikuwa na nakala, alhamdulillahi). Faili likateremka hadi MB 210, na data yote imo.

Nambari ya kontena nayo ilikuwa nzito, lakini hiyo nimeiacha. Wanaitafuta kila siku.

Na haya mengine huyasikia pia kila wanapokuja:

"Hizo kolamu nisizozitaka nimezificha."

Umevuta pazia tu. Mtu bado yumo chumbani. Kolamu itolewe Power Query, kabla data haijaingia.

"Nimefuta kurasa nne za chati."

Chati ni maelezo mafupi ya mchoro, hazina uzito wa maana, labda kama ulibandika picha kubwa ya meli ikawa ndiyo mandhari ya kila ukurasa. Na kichujio cha ukurasa ni hayo hayo: ukichuja ibaki 2024, data ya 2021 haijaenda popote.

"Nimelizipu."

Faili la .pbix ni zipu tayari. Chukua nakala, ibadilishe jina iishie na .zip, uifungue ujionee.

"Kolamu ya fomula (calculated column) na kipimo (measure) ni mamoja."

Kolamu ya fomula huhifadhiwa, thamani moja kwa kila mstari. Kipimo hukokotolewa pale chati inapokihitaji, ndani ya faili ni fomula tu. Faida ya jumla ya mwezi haihitaji kolamu, andika kipimo.

"Sina jedwali la kalenda (la kuorodhesha tarehe zote), kwa hiyo kalenda hainihusu."

Unazo, tena pengine nyingi. Auto date/time, mpangilio wa Power BI wa kujitengenezea kalenda, ikiwa imewashwa, kila kolamu ya tarehe hutengenezewa kalenda ya siri, kuanzia Januari ya mwaka wa kwanza hadi Desemba ya mwaka wa mwisho. Kisha karani akaacha sifuri pahala pa tarehe: Power Query ikiigeuza, inatua 30 Desemba 1899. Kalenda hiyo ikifika 2025 ina zaidi ya mistari 46,000, na kama una tarehe ya kufika meli, ya kushusha, ya kulipa na ya kutoka, kila mojawapo ina yake. Sahihisha hizo sifuri, tengeneza kalenda moja ya kwako uiunganishe, ndipo uzime Auto date/time kwenye Options, upande wa Data Load. Usizime kwanza. Chati zilizokuwa zinategemea zile za siri zitavunjika, nawe utanipigia simu saa nne usiku.